Kufufua rangi ya akriliki iliyokauka: maana yake na mipaka yake

Kufufua rangi ya akriliki ni kuirudishia rangi iliyoganda kichupani maji iliyoyapoteza, kabla chembe zake za plastiki hazijaungana na kuwa kitu kimoja. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloamua kama kichupa kitaokoka au kitatupwa. Kwa mtu wa Lindi anayepaka rangi sanamu ndogo, tuseme mfano wa yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru, ambaye mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na leo imesimamishwa katika makumbusho ya Berlin ikiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, tofauti hiyo si ndogo. Rangi za kazi hii huja katika vichupa vya mililita 12 au 17, wala hazipatikani katika kila duka la vifaa vya ujenzi.

Rangi ya akriliki ya kuchanganywa na maji, ambayo wachoraji walianza kuuziwa mwaka 1955 kwa jina la biashara la Liquitex, ina unga wa rangi na chembe ndogo mno za plastiki zinazoelea majini. Ukiipaka, maji hupaa, chembe husogeleana, hubanana na hatimaye hupoteza mipaka yake zikawa utando mmoja. Ni kama vipande vya mishumaa vilivyoyeyushwa pamoja: uvitie majini siku nzima, havitarudi kuwa vipande. Kwa hiyo sanamu iliyokauka vizuri haichuji ikiloweshwa, tofauti na zile rangi za vidonge za watoto wa shule, ambazo gundi yake hukubali maji kila mara. Uimara unaoilinda sanamu ndio huohuo unaoua kichupa kilichoachwa wazi.

Lakini rangi iliyo kichupani haikauki yote kwa mpigo. Huanza kuwa nzito, kisha hufanya ngozi juu na pembeni, halafu huwa kama utomvu unaovutika, na mwisho hugeuka mpira. Hatua mbili za mwanzo hufufulika. Ya tatu hufufulika kwa sehemu. Ya nne haifufuliki, na sioni faida ya kuihangaikia. Kupima ni rahisi: chukua kipande kidogo kama punje ya mchele, kiweke kwenye kisahani pamoja na tone la maji, kiache nusu saa, kisha kikandamize kwa kijiti cha meno. Kikilainika na kuyatia maji rangi, kazi ipo. Kikiteleza na kubaki kizima, au kikikatika vipande vyenye kingo kali, utando umeshaundika.

Kilichopotea kwa kawaida ni maji peke yake. Plastiki na unga wa rangi bado vimo ndani, na kwa sababu hiyo kinachopaswa kurudi kwanza ni maji, wala si ile akriliki isiyo na rangi ambayo wengi hukimbilia kuiongeza. Hiyo ina nafasi yake pale ambapo umeondoa madonge mengi, kwa kuwa madonge huondoka na sehemu ya plastiki, na rangi inayobaki hushika vibaya na kukauka ikiwa ya vumbivumbi. Maji bora ni yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kama maji ya betri. Soma lebo kwa makini, maana asidi ya betri ni kitu kingine kabisa na ni ya hatari. Kuchemsha maji ya kisima hakuondoi chumvi yake.

Tia matone mawili au matatu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, koroga taratibu kwa kijiti ukikwangua pembeni, funga, kisha uache hadi kesho yake. Subira hii haina mbadala, kwa sababu maji huingia polepole katika rangi iliyoshikamana, na anayemimina mengi kwa haraka huishia na maji ya rangi juu na donge lilelile chini. Rudia mpaka rangi itiririke kwenye kijiti. Punje zilizosalia zichuje kwa kipande cha soksi nyembamba ya nailoni, kwani punje moja tu huonekana kama kidonda kwenye uso wa sanamu ya sentimita tatu.

Fundi aliyezoea rangi ya mafuta, ile inayong'aa ambayo Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliitumia kuchorea, ataona thina ndiyo njia ya mkato. Thina kweli huweza kuivunja akriliki iliyokauka, lakini huigeuza uji wenye nyuzinyuzi usiopakika, na ikigusa sanamu ya plastiki huiyeyusha. Spiriti ibaki kuwa ya kuzibua mdomo wa kichupa na kusafisha brashi. Glisirini ya duka la dawa huchelewesha ukaukaji, ila hunyonya unyevu wa hewani, na kwa pwani yetu tone likizidi rangi hubaki ikinata.

Rangi inayonuka kama yai viza imeshaingiwa na vijidudu. Hiyo usiifufue hata kama ni laini. Na kichupa kilichookolewa kifutwe mdomo kabla ya kufungwa, kisha kiwekwe mbali na dirisha na bati, kwani joto huharakisha chembe kuungana. Lile gamba gumu lililoshindikana libandue zima: likikatwakatwa na kugundishwa chini ya miguu ya mjusi, hupata kuwa mawe na udongo uliopasuka.