Athi ya jenereta: fimbo ya shaba peke yake haitoshi

Nyuma ya majengo mengi ya Kampala, na hata Arua, mji uliokaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, utakuta jenereta yenye waya wa kijani na manjano unaoshuka hadi kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Muulize mwenye jengo kama jenereta yake ina athi, atakuonyesha fimbo hiyo. Hapo amejibu nusu ya swali.

Athi ni njia iliyowekwa makusudi ili umeme uliovuja urudi kwenye chanzo chake kwa wingi na kwa haraka, breka (swichi inayojizima umeme ukizidi) ikate. Umeme hauzami ardhini ukapotelea huko kama maji ya mvua. Unataka kurudi kwenye koili za jenereta iliyouzalisha. Laivu, yaani waya unaoleta umeme, ikigusa bodi (gamba la chuma) ya pampu ya maji, lazima pawe na njia ya chuma kutoka bodi hiyo hadi nyutro ya jenereta, yaani waya unaorudisha umeme: kwanza waya wa athi wa jengo, kisha kiungo kinachoshikanisha athi na nyutro. Kiungo hicho ni kipande kifupi tu cha waya, na ndicho kinachosahaulika.

Tupige hesabu. Tuseme nyutro ya jenereta imeunganishwa na fimbo yake, vyombo vya jengo vina fimbo nyingine, na kati yao hakuna waya, ni udongo mtupu. Kila fimbo ikiwa na ukinzani wa omu 20 (omu ni kipimo cha jinsi umeme unavyozuiwa kupita), jumla ni 40. Volti 240 gawanya kwa 40 unapata ampea 6. Breka ya ampea 32 haitashtuka hata kidogo, na pampu itabaki na umeme ikimngoja mtu aiguse. Na omu 20 ni matokeo mazuri. Kwenye murram kavu au mwamba wa Karamoja wakati wa kiangazi, fimbo moja huzidi hapo kwa mbali. Swichi ya RCD ya miliampea 30, ile inayokata ikiona umeme unavuja, ingeuona uvujaji huo. Lakini kiungo cha nyutro kisipokuwepo kabisa, umeme hauna pa kurudi, na RCD nayo inakaa kimya.

Jenereta ndogo za kubeba nyingi hutoka kiwandani bila kiungo hicho. Ukiendesha drili moja, sawa. Ukiifunga kwenye jengo zima, mambo yanabadilika.

Kiungo kiwe mahali pamoja tu, na mahali penyewe panategemea chenjiova, yaani swichi inayohamisha jengo kati ya gridi na jenereta. Nyutro ya gridi imekwisha kutiwa athi upande wa transfoma. Kama chenjiova inakata laivu tu na kuiacha nyutro, ukiongeza kiungo kwenye jenereta, umeme wa kawaida wa nyutro utagawanyika na kupita kwenye waya wa athi na mabomba, na RCD zitakata ovyo. Kama inakata nyutro pia (ncha nne kwa fezi tatu, ncha mbili kwa fezi moja), jenereta inajitegemea na kiungo lazima kiwe kwake. Mimi ningechagua hii ya pili, ingawa bei yake ni kubwa zaidi. Kanuni za Uingereza, BS 7671, zinakataza jenereta ya akiba kutegemea athi ya kampuni ya umeme, maana laini ikikatika athi hiyo inaweza kwenda nayo. Ndiyo sababu fimbo ya jenereta bado inahitajika.

Fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme Uganda, akimaliza kazi, mwambie akuonyeshe kiungo kilipo, kisha apime njia ya kurudi jenereta ikiwa inanguruma. Asikuridhishe kwa kubonyeza kitufe cha majaribio cha RCD: kitufe hicho hupitisha umeme kati ya laivu na nyutro tu, kwa hiyo RCD itakata vizuri hata kwenye jengo lisilo na athi.