Chanzo cha umeme "kilichotengwa": kimetengwa na nini?

Kuna jibu moja ambalo wapiga gitaa wamelizoea kupita kiasi. Mtu anauliza kama kisanduku cha bei rahisi cha kulishia umeme pedali (vile visanduku vya mguuni vya kubadilisha sauti ya gitaa) kinaweza kumpiga shoti, na mwenzake anamtuliza: "Usijali, hicho kimetengwa." Muulizaji anaridhika, anachomeka, anaanza kupiga. Swali alilouliza halijajibiwa. Ameuliza kuhusu uhai wake, akajibiwa kuhusu mvumo wa amplifaya.

Maana yenyewe ni fupi. Saketi mbili zimetengwa pale ambapo hakuna waya wala kitu chochote kinachopitisha umeme kinachoziunganisha moja kwa moja. Nishati huvuka kwa nguvu ya sumaku ndani ya transfoma. Hiyo tu. Neno lenyewe halisemi ni saketi zipi mbili, na kwenye pedali za gitaa kuna utengano wa aina mbili usiofanana hata kidogo. Mmoja uko kati ya umeme wa ukutani, volti 230 au 120 kulingana na nchi, na zile volti 9 zinazoingia kwenye pedali. Mwingine uko kati ya tundu moja la kutolea volti 9 na tundu lililo jirani yake.

Huu wa matundu ndio unaotangazwa, kwa hiyo sitakaa nao sana. Pedali nyingi zikilishwa kwa waya mmoja wenye vichwa vingi, hasi zao zinakutana mara mbili: kwenye waya wa umeme, na kwenye neti inayozunguka kebo ya sauti. Hapo kinaundwa kitanzi kinachonasa mvumo, na pedali ya kidijitali inapata njia ya kumwaga kelele zake kwa wenzake. Tundu likitengwa, kitanzi kinakatika. Utengano huo pia ndio unaokuruhusu kulisha fazi (pedali ya kukwaruza sauti, fuzz) ya transista za jemaniamu, ambayo mara nyingi chanya yake ndiyo iliyofungwa kwenye ganda. Ukiiweka kwenye waya mmoja na nyingine umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Ni faida za kweli, nami sizibezi. Ila hakuna hata moja inayohusu kufa na kupona.

Uhai wako unategemea utengano wa ukutani, na huo uko ndani ya adapta. Tatizo ni kwamba adapta haifunguliwi na mtu. Zile nzito za zamani zilikuwa na transfoma ya chuma iliyopokea umeme wa ukutani moja kwa moja. Nyepesi za leo hufanya vingine: kwenye nchi za volti 230, umeme hugeuzwa kwanza kuwa wa mkondo mmoja (DC) wa volti zaidi ya 300, ukakatwakatwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, ndipo transfoma ndogo ya feraiti inaweza kuuvusha. Mbinu hiyo haina kasoro, na adapta nyepesi iliyotengenezwa vizuri ni salama sawa na nzito. Lakini jua kwamba ndani ya plastiki ile unayoshika kwa vidole viwili mna volti 300 na ushee, na kinachozizuia zisifike kwenye gitaa ni vitu vichache sana: kihami cha ndani ya transfoma, kijichipu kinachorudisha taarifa kwa mwanga, nafasi tupu kwenye bodi, na kapasita moja, mara nyingi ya buluu, iliyovuka kutoka upande wa ukutani hadi upande wa volti 9.

Kapasita hiyo yafaa kutazamwa kwa karibu. Imewekwa pale kuzima kelele za masafa ya juu. Mtengenezaji mwaminifu hutumia ya daraja la Y, iliyoundwa ili ikifa ikatike, isije ikageuka kuwa waya. Ikiwa ya nanofaradi 2.2, kwenye volti 230 na hezi 50 haiwezi kupitisha zaidi ya miliampea 0.16 hivi. Ndio ule mwasho unaousikia ukipitisha kidole polepole juu ya ganda la pedali ambayo bado haijaunganishwa na amplifaya. Watu huuogopa mwasho ule bure: kiwango cha kimataifa cha usalama IEC 60950-1 kiliruhusu hadi miliampea 0.25 kwa vifaa visivyo na ethi (waya wa ardhini). Cha kuogopa ni adapta ambayo mahali hapo imewekwa kapasita ya kawaida kwa ajili ya kupunguza gharama. Siku itakapoharibika na kugeuka waya, hasi ya volti 9 itakuwa imeunganishwa na ukuta.

Na si kapasita peke yake. Adapta nzuri huacha kati ya pande mbili za bodi nafasi ya milimita 6 hivi, na pengine bodi imetobolewa mwanya chini ya kile kijichipu. Waya wa upande wa volti 9 ndani ya transfoma huwa na tabaka tatu za kihami. Kwenye mbovu utakuta mistari ya shaba ya pande mbili imekaribiana hadi tone la risasi ya kulehemu linatosha kuziba pengo, na katikati ya transfoma kuna mkunjo mmoja wa utepe. Inawaka, inatoa volti 9, hata haivumi. Kutovuma kwake hakuoneshi lolote kuhusu mkunjo ule.

Utengano huo ukivunjika, njia ya umeme haina kona. Hasi ya adapta inaingia kwenye ganda la pedali, inafuata neti ya kebo hadi kwenye gitaa, na kwenye magitaa mengi ya umeme nyuzi zimefungwa kwenye hasi hiyohiyo. Amplifaya ikiwa na ethi nzima, umeme utaelekea ardhini na huenda fyuzi ikakatika. Amplifaya ambayo mtu alikata pini yake ya ethi ili kuondoa mvumo haina msaada wowote: nyuzi zinabaki zimejaa umeme, zikisubiri mdomo uguse maiki. Mwaka 1972 Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani huko Swansea baada ya kugusa maiki ambayo haikuwa na ethi. Mkasa wake haukusababishwa na adapta ya pedali, lakini mkono kwenye nyuzi na maiki mbele ya uso ndivyo kila mpiga gitaa anayeimba anavyosimama.

Sasa kitazame kile kisanduku chenye matundu kumi na taa za rangi. Vingi vya bei rahisi huja vipande viwili: kisanduku, na adapta yake pembeni isiyo na jina. Neno "kilichotengwa" limeandikwa kwenye kisanduku, ambacho ndani yake kwa kawaida hamna kinachozidi volti 9, 12 au 18. Hata kama ni kweli, ni kweli kwa matundu tu. Na mara nyingi si kweli. Chomoa kila kitu, weka testa (mita ya kupimia umeme) kwenye mlio, gusa hasi za matundu mawili (kwenye plagi za kawaida za pedali hasi iko katikati, chanya iko nje); ikilia, zimeungana. Kipimo hicho hakikuambii kitu kuhusu adapta. Kihami cha adapta hupimwa kiwandani kwa maelfu ya volti, na betri ya testa haiwezi kuonesha udhaifu wake.

Alama ya mraba ndani ya mraba inadai kwamba kuna kihami maradufu, na CE kwa vifaa hivi ni tamko la mtengenezaji mwenyewe. Alama ya mpimaji wa nje, kama UL au TÜV, ina uzito zaidi, hasa ikiwa ina namba unayoweza kuihakiki. Mara nyingi suluhisho ni kubakiza kisanduku na kubadilisha adapta: volti zilezile, mpangilio uleule wa chanya na hasi, miliampea zisizopungua zilizoandikwa.

Kwa hiyo yule anayelisha pedali tano kwa waya mmoja kutoka adapta nzuri anasumbuliwa na mvumo wake tu. Usimwambie yuko hatarini. Na ukikisifu kisanduku cha mwenzako, sema kwamba matundu yake yametengwa, kisha umwombe akuoneshe adapta.