Pingu za miguu zivuliwe saa ngapi?

Ninapofundisha askari magereza kuhusu vizuizi vya mwili, swali lao la kwanza huwa moja: mfungwa hatari tumfunge mikono tu, au na miguu? Mimi ni wakili wa kesi za wafungwa, na huwarudisha kwenye mambo matatu. Nani ameamuru? Kwa sababu gani? Na pingu hizo zitavuliwa saa ngapi? Asiye na jibu la swali la tatu ameshaanza kutoa adhabu, hata kama moyoni anaamini analinda usalama tu.

Kwanza chombo chenyewe. Pingu za miguu za siku hizi ni bangili mbili za chuma zenye meno, zimeunganishwa kwa mnyororo mfupi unaomruhusu mtu kujikokota lakini si kukimbia. Zina kufuli la pili ambalo likishafungwa, bangili haijikazi tena. Askari mwenye haraka hulisahau. Mfungwa akijikwaa, meno yanasogea na bangili inabana kifundo, inabana damu na neva. Akiwa amefungwa na mikono, akianguka hana cha kujikingia uso. Zikikaa siku nyingi ngozi ya kifundo huchunika ikawa kidonda, na mguu usiotembezwa unaweza kugandiwa na damu kwenye mishipa ya ndani. Kwa hiyo madhara mengi ya pingu hizi yanatokana na muda.

Za zamani zilikuwa mbaya zaidi. Meli ya Henrietta Marie ya London ilizama karibu na Florida mwaka 1700, ikitoka kuuza watu Jamaica. Mabaki yake yalipopatikana mwaka 1972, yalitoa zaidi ya jozi 80 za pingu: nondo moja, na juu yake pete mbili za kupitisha vifundo. Wanaume walifungwa wawiliwawili, mguu wa huyu na mguu wa yule, kwa hiyo hata kwenda haja lazima waende wote wawili. Baadhi ya pete hizo ni ndogo mno kwa mguu wa mtu mzima. Pwani yetu ilikuwa na minyororo ya shingo, na ilikuwa na mkatale, mbao mbili zenye matundu ya kubania miguu. Anayepita Mkunazini, Unguja, ataiona minyororo hiyo kwenye shingo za sanamu zilizosimama ndani ya shimo kando ya kanisa, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi 1873.

Biashara ile ilikufa, chuma kikabaki magerezani. Kesi ninayoanza nayo darasani ni ya Tihar, gereza la Delhi. Charles Sobhraj, raia wa Ufaransa, alitiwa pingu za nondo mwaka 1976: pete vifundoni, nondo zikipanda hadi kiunoni. Aliendelea kuzivaa usiku na mchana kwa takribani miaka miwili, akiwa bado anangoja kesi. Magereza walitegemea sheria ya mwaka 1894 iliyomruhusu mkuu wa gereza kutumia chuma akiona ni lazima ili wafungwa wasitoroke. Majaji wa Mahakama ya Juu ya India walikwenda wenyewe gerezani kuangalia. Katika hukumu ya mwaka 1978 hawakuifuta sheria ile, ila waliibana: sababu ziandikwe, mfungwa asikilizwe, pingu zisiendelee usiku, na mtu wa nje ya gereza akague zikirefushwa.

Mimi naona walisita. Majaji wa Windhoek, Namibia, hawakusita. Wafungwa waliotoroka wakakamatwa tena walitiwa minyororo, na mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Namibia, katika kesi ya Namunjepo, ikasema kwamba kumfunga mfungwa pingu za miguu au minyororo ni kumdhalilisha, kinyume cha ibara ya 8 ya Katiba, kwa hali yoyote ile. Jaji Mkuu Strydom alikumbusha zama ambazo watu walifungwa hivyo wakisubiri kuuzwa. Hukumu ile naipenda kwa sababu haikukubali hoja ya kutoroka. Kutoroka kuna dawa nyingine: kuta, askari wa kutosha, kufuli zinazofanya kazi.

Jirani yao, Afrika Kusini, palishatokea mfano wa mamlaka yasiyo na karatasi. Septemba 1977 Steve Biko, mwanaharakati aliyepinga ubaguzi wa rangi, aliumia kichwani akihojiwa na polisi wa usalama huko Port Elizabeth. Aliachwa kwenye pingu za miguu ingawa dalili za kuumia ubongo zilikuwa wazi, kisha akasafirishwa uchi kwa gari zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria, akafa tarehe 12. Kwenye uchunguzi wa kifo, wakili Sydney Kentridge alimuuliza Kanali Goosen, mkuu wa polisi hao wa usalama, ni sheria ipi inayomruhusu kumweka mtu kwenye minyororo. Kanali alijibu kwamba wao hawafanyi kazi kwa kufuata sheria zilizotungwa. Jibu hilo huwasomea askari bila kuongeza neno.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1955 kuhusu kuwatendea wafungwa zilishapiga marufuku minyororo kama kizuizi, na Kanuni za Mandela za 2015, toleo lake jipya, zikarudia katazo hilo. Vizuizi vingine vinaruhusiwa pale tu ambapo njia nyepesi imeshindikana, na kwa muda ule tu unaohitajika. Mwanamke asifungwe chochote akiwa na uchungu wa kuzaa, akijifungua, wala mara baada ya kujifungua. Hata hivyo, gereza la Bang Kwang nchini Thailand lilikuja kuwavua pingu wafungwa zaidi ya 500 mwaka 2013 tu, na wengi zilikuwa zimechomelewa miguuni.

Familia zinaponijia kusema ndugu yao amelazwa hospitali huku mguu umefungwa kwenye kitanda, naziomba ziandike tarehe na saa walipomkuta, mguu upi, na kama kuna uvimbe au kidonda. Wamuulize kwa upole askari wa zamu jina la aliyeamuru, na wamuombe daktari aandike kwenye faili kama pingu zinazuia matibabu. Mimi nitaomba daftari la gereza. Palipo na saa ya kufunga pasipo na saa ya kufungua, hapo ndipo ninapoanzia maombi yangu mahakamani.