Mnara wa Barton: ukuta unavyotaja umri wake

Kazi yangu ni kuchunguza majengo ya kale, na kanisa ninalopenda kuwaelekeza wanaoanza ni la Mtakatifu Petro, Barton-upon-Humber, kaskazini mwa Lincolnshire huko Uingereza. Anza na mnara, tena anzia chini.

Sehemu zake mbili za chini zimepambwa kwa mikanda myembamba ya mawe iliyotokeza ukutani. Safu ya kwanza imeunganishwa kwa matao ya duara, ya pili kwa pembetatu. Kwenye kona, jiwe moja limesimamishwa, linalofuata limelazwa, hivyo hivyo hadi juu. Ukifika ghorofa ya mwisho, urembo wote unakoma. Ukuta ni mtupu, na madirisha yana sura nyingine.

Mwaka 1819 Thomas Rickman, msanifu majengo wa Kiingereza, aliitumia tofauti hiyo kumaliza ubishi. Enzi hizo karibu kila tao la duara liliitwa la Wasaksoni, watu waliotawala huko kabla ya Wanormani, hata yale ya Wanormani wenyewe, walioiteka nchi mwaka 1066. Yeye alisema: ghorofa ya juu ni kazi ya Wanormani wa mwanzo, na kwa kuwa hakuna fundi anayeanza na juu, ya chini ni ya waliowatangulia. Hoja fupi, wala sijaona iliyoipita.

Wageni wengi hudhani mnara uliongezwa kwenye kanisa. Ni kinyume chake! Mnara ndio uliokuwa kanisa lenyewe: waumini walisimama humo chini, upande wa mashariki kukiwa na chumba kidogo cha madhabahu, na wa magharibi chumba cha ubatizo, ambacho bado kipo. Ukumbi mkubwa unaouona leo ulijengwa baadaye, mahali pa kile chumba cha madhabahu.

Ibada zilipokoma humo katika miaka ya 1970, wanaakiolojia walipata nafasi adimu ya kuchimba ndani na nje, kati ya 1978 na 1984. Walifukua mabaki ya watu wapatao 2,800. Maji ya ardhini yalikuwa yamehifadhi hata majeneza ya mbao ya enzi za Wasaksoni. Mifupa ilichunguzwa kwa miaka, kisha mwaka 2007 ikarudishwa kanisani.

Ukienda, usiondoke bila kuingia kanisa la Mtakatifu Maria, hatua chache tu kutoka hapo. Hilo bado linasaliwa, na ndani yake kuna matao mazuri ya Wanormani.