Terminali ya setelaiti ya kubebeka ni nini, na kwa nini urefu wa setelaiti ndio unaamua karibu kila kitu

Siku hizi ukimwambia mtu intaneti ya setelaiti anachofikiria ni lile dishi jeupe la Starlink juu ya bati, na ukimwambia simu ya setelaiti anafikiria ile simu nene yenye antena ndefu wanayoshika wanajeshi. Terminali ya kubebeka iko katikati ya hivyo viwili. Ni kifaa kinachoingia kwenye begi la mgongoni, unafika nacho porini au kisiwani au kwenye kijiji ambacho mnara wa karibu uko mwendo wa siku nzima, unakifungua, kinaongea na setelaiti moja kwa moja, halafu wewe unaunganisha simu yako au laptop kwa waya au waifai na unapata sauti, au intaneti, au vyote viwili. Mnara hakiutaki, faiba hakiitaki, umeme wa gridi hakiutaki. Thamani yake yote iko hapo, kwamba chochote kilichoharibika au ambacho hakijawahi kuwepo ardhini pale ulipo, chenyewe hakiguswi.

Sasa tatizo ni kwamba watu wanauliza "ipi nzuri" kabla ya kuuliza setelaiti yenyewe iko wapi huko juu, wakati ukishajua urefu wake basi bei, ucheleweshaji wa sauti, ukubwa wa antena, kama unatakiwa kulenga au hulengi, karibu vyote unaweza kuvikadiria mwenyewe bila kusoma tangazo la muuzaji.

Tuanze na zile za mbali. Kuna setelaiti zinakaa juu ya ikweta kama kilomita 35,786 kutoka ardhini, na kwa urefu huo zinazunguka kwa kasi ileile dunia inavyojizungusha, kwa hiyo ukiwa chini unaiona kama imeganda sehemu moja angani, haichomozi wala haizami. Hizi ndizo za Inmarsat (shirika lililoanzishwa 1979 kwa ajili ya meli, mwaka 2023 likanunuliwa na Viasat ya Marekani) na za Thuraya ya Abu Dhabi, ambayo kule Somalia na Sudan Kusini wengi wameizoea mpaka simu yoyote ya setelaiti wanaiita Thuraya. Huduma ya Inmarsat ya terminali za kubebeka inaitwa BGAN, ilianza 2005, na kifaa chake ni kama laptop ndogo, kuna vyenye kilo moja na nusu hivi, na mwendo wake wa juu kabisa ni kilobiti 492 kwa sekunde. Ya Thuraya inafika 444. Kwa aliyezoea 4G ya mjini hiyo ni kidogo sana, lakini kwa kutuma ripoti ya hospitali, barua pepe, ramani ndogo, meseji za WhatsApp na kupiga simu, inatosha.

Kuiwasha siyo kama kuwasha simu. Kwanza unaiweka sehemu ya wazi uisubiri ijue iko wapi kwa GPS, ukiwa chini ya mwembe au pembeni ya kontena hapo utasubiri sana. Ikishajua ilipo ndio unaanza kulenga, unashika dira unageuza kifaa kuelekea upande wa setelaiti, nyingine zinatoa mlio ambao unabadilika kadiri signali inavyopanda, unainua kidogo, unageuza kidogo, mpaka ufike pale ambapo ukiongeza chochote signali inashuka, basi unaiacha hapo na unathibitisha ijisajili kwenye mtandao. Ukishalenga usiiguse tena, hata mtu akipita akagonga meza umeshapoteza.

Na hapa sisi wa ukanda wa ikweta tuna bahati ambayo maelekezo mengi ya kwenye vijitabu hayaisemi kwa sababu yameandikwa na watu wa kaskazini. Setelaiti ya Alphasat ya Inmarsat, iliyorushwa 2013, ilipangiwa nyuzi 25 mashariki, na Thuraya-2 ilipangiwa nyuzi 44 mashariki, sasa angalia ramani, Kigoma iko karibu nyuzi 30, Lodwar karibu 36, Dar es Salaam 39. Yaani zote mbili ziko karibu utosini kwetu. Mtu wa Oslo kule Norwe analaza macho yake chini upeoni kama nyuzi 20 tu, kilima au ghorofa moja likimkaa mbele kaisha, lakini ukiwa Lodwar Alphasat iko juu zaidi ya nyuzi 75, kwa hiyo terminali inalala karibu sambamba na ardhi, imeinama kidogo tu kuelekea magharibi, na hata ukiwa kwenye bonde lenye milima pande zote unaipata. Shida inayokuja na bahati hiyo ni watu. Kwa kuwa antena inatazama juu, kila anayekuja kuangalia kioo anainama juu yake, watoto wanaizunguka, mtu anaweka kofia yake pale, na mwili wa binadamu unaziba signali, na zaidi ya hapo kile kitu kinarusha mawimbi juu kwa hiyo usimruhusu mtu kuinamia, vijitabu vya watengenezaji vinasema kaa umbali wa mita moja hivi kutoka mbele ya antena. Weka juu ya boksi au paa la gari, vuta waya mrefu, ninyi kaeni kivulini.

Kuhusu sauti. Kilomita elfu thelathini na sita kwenda na nyingine hizo kushuka, hata kwa mwendo wa mwanga ni karibu robo sekunde kwa upande mmoja, jibu lirudi ni nusu sekunde, na vifaa vya katikati vinaongeza yao juu. Ndio maana watu wawili wasiojua wanagongana kila sentensi, huyu anadhani mwenzie kanyamaza anaanza kuongea, kumbe jibu lilikuwa njiani. Ongea kama uko kwenye simu ya upepo, maliza unachosema, nyamaza, subiri. Na sauti yako haishuki Nairobi wala Dodoma, inashukia kwenye kituo cha ardhini cha Inmarsat, kwa upande wetu ni Burum kule Uholanzi au Fucino Italia, halafu ndio inaingia kwenye mitandao ya kawaida na kurudi Afrika. Daktari wa Lodwar akimpigia mwenzake wa Eldoret sauti imeshapita Ulaya.

Bei ndio inayowaumiza watu, na wanaumia kwa sababu hawajaambiwa. Intaneti ya kawaida ya BGAN inahesabiwa kwa megabaiti, na megabaiti moja inaweza kuwa dola kadhaa. Picha moja ya simu ya kisasa isiyopunguzwa ina megabaiti 3 au 4, piga hesabu mwenyewe. Laptop ukiiunganisha bila kuitayarisha haijui kwamba uko porini, inaona intaneti imepatikana inaanza kushusha apdeti, simu nayo inapeleka picha zako zote kuhifadhiwa mtandaoni, WhatsApp inashusha video za kwenye magrupu, na hujafungua hata ukurasa mmoja. Kwa hiyo kabla ya kuondoka mjini zima apdeti, zima kuhifadhi picha, zima kushusha midia, na weka fairwoli ya terminali (ule ukuta wa kuchuja kinachopita mtandaoni) iruhusu kile unachokihitaji tu. Ipo pia njia ya kukodi mwendo maalumu, kilobiti 32, 64, 128 au 256, ambayo unalipia kwa dakika, hiyo ni ya waandishi wa habari wanaorusha matangazo moja kwa moja, ukiisahau imewashwa inaendelea kula hela hata kama hakuna anayetuma kitu.

Sasa zile za chini. Iridium ina setelaiti 66 zinazofanya kazi kwenye urefu wa kama kilomita 780, zinazunguka kupitia karibu na ncha za dunia, na kila moja inakupita juu kwa dakika chache tu halafu inakukabidhi kwa inayofuata. Hii hulengi popote, antena inaona anga lote, na inafanya kazi mpaka kwenye ncha za dunia ambako za Inmarsat hazifiki. Lakini vile vifaa vyake vya zamani intaneti yao ni kilobiti 2.4 kwa sekunde, kweli siyo kosa la kuandika, inafaa kwa barua pepe za maandishi na hali ya hewa kwa mabaharia. Siku hizi wana huduma ya Certus ambayo ina nafuu.

Starlink wako chini zaidi, kilomita 550 hivi, na wana maelfu ya setelaiti. Kwa urefu huo safari ya mawimbi yenyewe kupanda na kushuka ni chini ya sekunde moja uliyoigawa mara mia mbili, kwa hiyo ucheleweshaji unaouhisi mwisho wa siku ni wa chini kabisa, simu ya video inaenda vizuri kabisa. Ile ndogo yao, Mini, iliyotoka 2024, ina uzito wa kilo moja na kidogo, routa imo ndani, inakula umeme wa moja kwa moja wa betri, na inatoa megabiti makumi kwa sekunde. Rwanda huduma ilianza Februari 2023, Kenya Julai 2023. Ndio maana watu wanauliza BGAN bado ya nini.

Sababu ya kwanza ni umeme. BGAN ina betri yake ndani na inakula kidogo, paneli ndogo ya sola inaibeba siku nzima. Starlink Mini inakula wati 25 hadi 40 muda wote ikiwa imewaka, na lile dishi kubwa wati 75 hadi 100. Chukua betri ya gari ya volti 12 na ampia-saa 100, usiimalize yote, tumia nusu, hapo una kama wati-saa 600, Mini itakaa masaa kama 20, kubwa masaa 6 au 7 na ukipitisha kwenye inverta ni pungufu. Nimeona watu wanabeba dishi na wanasahau kubeba umeme wake.

Ya pili ni mvua. Inmarsat, Thuraya na Iridium wanatumia masafa ya chini, bendi ya L, ambayo mvua ya masika haiyasumbui kwa kiasi cha kukukatia simu. Starlink na madishi ya VSAT (yale ya kufungwa sehemu moja ofisini au benki) wanatumia masafa ya juu zaidi, na wingu zito la mvua likisimama juu yako mtandao unakata mpaka lipite. Kama kazi yako ni dharura, basi dharura nyingi za huku kwetu zinakuja na mvua, hilo lifikirie vizuri.

Ya tatu ni simu yenyewe. Terminali ya BGAN ina namba yake ya simu, inaanza na +870, unachomeka simu ya mezani unapiga namba yoyote duniani. Starlink haikupi namba, unapiga kwa WhatsApp au programu nyingine, na kama unayemtafuta ni afisa wa wilaya mwenye kiswaswadu, humpati.

Ukitaka kuona vinavyofanya kazi pamoja angalia Beira, Msumbiji. Kimbunga Idai kilipiga usiku wa tarehe 14 Machi 2019, minara ikaanguka, umeme ukakata, barabara zikamezwa na maji, na mji wa watu zaidi ya laki tano ukawa kimya. Uwanja wa ndege ndio uligeuka ofisi ya waokoaji, na watu wa Télécoms Sans Frontières, shirika la Ufaransa linalofanya kazi hiyo tangu 1998, walifika na vifaa vya setelaiti ili wanaopanga helikopta na chakula waweze kuongea. Kwa kawaida mpangilio ndio huo, masaa ya mwanzo ni terminali ndogo za begi, zikishapatikana nafasi na umeme ndio madishi makubwa yanafuata.

Jambo ambalo watu wanalidharau ni sheria. Kupata signali siyo kupewa ruhusa. Nchi nyingi zinataka kifaa kiwe na kibali, huku kwetu kinatolewa na mamlaka za mawasiliano, TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya, na India mgeni akikutwa na Thuraya au Iridium bila kibali anakamatwa kabisa. Kongo walipiga marufuku Starlink 2024 kisha wakaipa leseni 2025, kwa hiyo kilichokuwa kosa mwaka jana kinaweza kuwa halali mwaka huu na kinyume chake pia. Kuna mkataba wa kimataifa wa Tampere wa 1998, ulioanza kutumika 2005, unaorahisisha kuingiza vifaa hivi wakati wa maafa, lakini ni kwa nchi zilizouridhia na kwa mashirika yanayokuja kusaidia, wewe binafsi na begi lako usiutegemee mpakani.

Na kwa wanaofanya kazi kwenye vita, mashariki ya Kongo kwa mfano, mjue terminali inauambia mtandao ilipo kila inapojisajili, na mawimbi yake yanaweza kutafutwa na mwenye vifaa. Dzhokhar Dudayev, kiongozi wa Chechnya, aliuawa kwa makombora Aprili 1996 akiwa anaongea na simu ya setelaiti. Washa, tuma, zima, na usiiwashie pale mnapolala.

Kabla hujaondoka ipeleke uwanjani hapo mjini, ilenge mwenyewe, piga simu moja, tuma barua pepe moja, halafu angalia salio limepungua kiasi gani. Na waambie wa nyumbani wasikupigie kwenye hiyo namba ya +870 kwa laini zao za kawaida, dakika moja inaweza kumaliza vocha yote, wewe ndio uwe unapiga kwa saa mliyokubaliana.