Kufundisha wahudumu wa afya kukabili dharura: anza na saa zile za mwanzo

Kazi yangu ni kuandaa mafunzo ya dharura kwa watumishi wa afya ya umma wa ngazi ya chini: maofisa afya, wauguzi wa zahanati, wahudumu wa afya ya jamii, na yule karani anayejaza takwimu za kila wiki. Wanaoniita huanza kwa kuuliza mafunzo yatachukua siku ngapi. Mimi huwauliza mafuriko yakiingia usiku wa leo, ufunguo wa stoo ya dawa anao nani. Mara nyingi watu hutazamana kwanza, na hapo najua pa kuanzia.

Msaada wa nje huchukua muda kufika. Tetemeko likipiga, barabara hukatika, simu hazishiki, na wengi wanaofukuliwa wakiwa hai hufukuliwa na majirani zao. Kipindupindu nacho hakingoji kikosi kutoka makao makuu. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kuishiwa maji mwilini, ilhali wagonjwa wakipata maji na chumvi mapema, anayekufa huwa chini ya mmoja katika mia. Kwa hiyo mtu wa kufundishwa kwa bidii ni yule ambaye tayari yuko pale, na afundishwe kile ambacho saa hizo zitamdai.

Mfano ninaoupenda ni wa Nigeria. Julai 2014 Ebola iliingia Lagos kwa abiria wa ndege. Nchi ilikuwa tayari na kituo cha kuratibu vita dhidi ya polio, pamoja na watu waliozoea kubisha hodi nyumba hadi nyumba, kuandika majina na kurudi kesho yake. Uzoefu huo ukahamishiwa kwenye kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa. Waliougua walikuwa 20, wakafa 8, na tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba maambukizi yamekwisha nchini humo. Ndiyo maana sipendi mafunzo ya dharura yanayosimama peke yake kama sherehe ya mwaka. Yashikizwe kwenye kazi ya kila siku: rejesta, ripoti ya wiki, chanjo, ukaguzi wa maji.

Siku hizi kuna kipimo kinachorahisisha mazungumzo kuhusu kasi ya kukabili mlipuko wa ugonjwa, kiitwacho 7-1-7: mlipuko ugundulike ndani ya siku 7 tangu uanze, mamlaka za afya zijulishwe ndani ya siku 1, na hatua za awali za kuudhibiti zikamilike ndani ya siku 7. Huwa nachukua mlipuko uliopita wa eneo lao wenyewe, tunaupima kwa tarehe zao. Mjadala huwa mkali, na hapo ndipo watu hujifunza kuliko kwenye slaidi zangu zote.

Kisha tunafanya zoezi la mezani. Hakuna magari wala ving'ora; ni meza, ramani na kadi. Kadi ya kwanza inasema watoto wanne wa shule moja wanaharisha. Ya pili inasema mkuu wa idara yuko safarini na simu yake haipatikani. Kimya! Kila mtu anajua sampuli ichukuliwe, lakini hakuna mwenye uhakika nani aidhinishe gari. Washiriki huja wakidhani watapimwa ujuzi wa magonjwa, kumbe kinachokwama ni madaraka. Mfumo wa kuongoza matukio, ambao chimbuko lake ni mioto ya misitu ya California mwaka 1970, ulibuniwa kutibu ugonjwa huohuo: kiongozi mmoja anayejulikana, na kila msimamizi kuwa na watu watatu hadi saba, asizidishe.

Ujuzi wa mikono haufundishwi kwa maneno. Chukua klorini. Wengi wamekariri "sehemu moja ya dawa, tisa za maji" ili kupata asilimia 0.5 ya kusafishia sakafu na vyombo vilivyochafuliwa. Naweka mezani chupa mbili, moja ya asilimia 5 na nyingine ya asilimia 3.5, bila kusema neno. Anayekariri humwaga tisa kwa zote mbili, na ile ya pili inatoka 0.35. Anayesoma lebo hugawanya 3.5 kwa 0.5, anapata 7, anatoa 1, anaweka sehemu sita za maji. Wakishafanya hivyo mara tatu kwa ndoo halisi, sina wasiwasi nao tena.

Mavazi ya kujikinga ni hivyohivyo. Kuvaa si shida sana. Hatari kubwa iko kwenye kuvua, mtu akiwa amechoka na amelowa jasho. Tunawapaka rangi kwenye glovu, wanavua huku mwenzao akiwasomea hatua moja baada ya nyingine, kisha tunatafuta rangi imegusa wapi. Shingoni na kwenye vifundo vya mikono, mara nyingi.

Jambo moja husahaulika kwenye ratiba karibu zote: familia ya mhudumu mwenyewe. Asiyejua watoto wake wako wapi hatafika kazini, na simlaumu. Saa moja ya kupanga hilo inatosha, ila iwepo.

Baada ya zoezi tunakaa palepale, kabla watu hawajasaini posho na kutawanyika, tunaandika kila pengo lililoonekana, jina la atakayeliziba, na tarehe. Karatasi hiyo naithamini kuliko vyeti. Ujuzi usiotumika hufifia ndani ya miezi michache, na watumishi huhamishwa, kwa hiyo zoezi linalofuata naliomba lisicheleweshwe mwaka mzima. Nalo huanza kwa kuisoma karatasi ile, pengo kwa pengo, mbele ya wote walioandikwa majina.