Kwa nini mtoa elimu ya VVU mwaloni huangalia mwezi kwanza?

Ukitaka kuzungumza na wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria kuhusu VVU, anza kwa kujua mwezi una umri gani.

Dagaa, au omena kama wanavyoitwa upande wa Kenya, huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakakusanyika kwenye mwanga, wavu ukawazoa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hizo hazifui dafu, na mitumbwi mingi hupumzika. Sasa itisha mkutano wa hadhara saa nne asubuhi katikati ya siku za giza la mwezi: aliyekesha ziwani ndiyo kwanza amejifunika shuka. Watakaokusikiliza ni watoto na mama wa chai. Zahanati nayo itafungwa kabla hajaamka.

Ndiyo maana baadhi ya watoa huduma huja usiku, au humkabidhi mvuvi vipimo vya kujipima awagawie wenzake. Aliye kwenye dawa naye hufaa apewe za miezi kadhaa kwa mpigo, maana samaki wakihama na yeye huhama, na kadi yake ya kliniki iko mwalo mwingine.

Jamii hizi zimeumia tangu mwanzo. Wagonjwa wa UKIMWI wa kwanza kujulikana Uganda, mwaka 1982, walikuwa wa Kasensero, mwalo uliokuwa wilaya ya Rakai wakati huo. Kenya nayo, kaunti za kando ya ziwa kama Homa Bay, Kisumu na Siaya zimeongoza kwa maambukizi miaka nenda miaka rudi.

Lakini tusidanganyane, ujinga si tatizo kubwa pale. Watu wamezika vya kutosha kujua. Kuna jambo linaitwa jaboya: mitumbwi inarudi na samaki kiduchu, wachuuzi wanawake wamejaa ufukweni na beseni zao, na mvuvi anamuuzia kwanza yule anayelala naye. Pesa analipa vilevile. Asiyekubali anarudi na beseni tupu, na watoto wanasubiri. Mwanamke huyo utamwambia nini kuhusu kondomu ambacho hajakisikia?

Wanawake wa Nduru, Kisumu, walipata mitumbwi yao wenyewe, wakaajiri wanaume wawavulie. Samaki wakawa wao, na mvuvi akawa ndiye anayesubiri mshahara. Mafuriko ya 2020 yaliwahamisha makwao, na biashara ikayumba.